Meno Yangu na Kundi la 17

(Hotuba niliyoitoa kwenye siku ya sayansi ya shule moja ya sekondari, wilayani Arumeru. Nimeiandika kwa ajili ya wazazi walioiomba.)

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mliopanda mlima mpaka huku, na ninyi wanafunzi mliosimama juani tangu asubuhi: itifaki imezingatiwa. Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie jedwali la elementi, nami nitaanza na meno yangu. Mlioketi mbele mmeshayaona. Yana michirizi ya kahawia, na haya mawili ya juu yana vishimo vidogo ambavyo ukipitisha ulimi unavihisi. Nimezaliwa na kukulia kwenye miteremko hii ya Meru, na nikiwatazama mnavyotabasamu naona wengi wetu tumekunywa maji ya aina moja. Nilipokwenda kusoma kidato cha tano mkoa wa mbali, mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya darasa akaniuliza kama kwetu hakuna mswaki. Darasa zima likacheka. Nilikuwa napiga mswaki asubuhi na jioni, na mama yangu alikuwa hana mchezo na jambo hilo, lakini sikuwa na la kujibu. Jibu lenyewe lilikuwa ukutani nyuma ya mwalimu, kwenye bango la jedwali la elementi, upande wa kulia, safu ya pili kutoka mwisho. Nililitazama bango lile miaka miwili bila kujua kulisoma.

Leo nataka tuisome pamoja safu hiyo moja. Elementi zinazojulikana ni 118, na tukitaka kuzipitia zote tutalala hapa. Safu ninayoisema ni kundi la 17, linaloitwa halojeni: florini, klorini, bromini, iodini, astatini, na chini kabisa tenesini. Ya kwanza ndiyo iliyoyachora meno yangu. Ya pili inaua vijidudu kwenye tangi la maji la shule hii. Ya nne imo kwenye chumvi ya jikoni kwenu. Ni ile tunayoiita madini joto, inayotukinga na rovu. Hizi ni ndugu wa ukoo mmoja, tena wa tumbo moja, lakini angalieni zinavyotofautiana kazi. Siku nilipoelewa kwa nini zinafanana na kwa nini zinatofautiana, niliacha kukariri jedwali.

Vitabu vyetu vinaliita jedwali hili mfumo radidia, na mimi nalipenda jina hilo. Kuradidi ni kurudia, kama mshairi anavyokirudia kibwagizo kila baada ya ubeti. Ukizipanga elementi kuanzia nyepesi kwenda nzito, tabia fulani inapotea, inakaa kidogo, halafu inarudi. Mrusi Dmitri Mendeleev alilitambua hilo mwaka 1869, wakati elementi zilizojulikana zilikuwa 63 tu. Alipofika kwenye iodini alikwama. Kwa uzito, iodini ilikuwa 127 na teluriamu 128, kwa hiyo iodini ilipaswa kutangulia. Lakini iodini ina tabia za klorini na bromini bila shaka yoyote: chumvi zake zinafanana na zao, na inapenda kuungana na vyuma vilevile. Mendeleev akaipeleka kwa ndugu zake, akasema uzito wa teluriamu lazima umepimwa vibaya. Mahali alipoiweka palikuwa sahihi. Sababu aliyoitoa haikuwa sahihi, maana uzito ule ulikuwa umepimwa vizuri. Ilibidi tumsubiri Mwingereza kijana, Henry Moseley, ambaye mwaka 1913 alitumia eksirei kuonyesha kwamba kinachopanga elementi ni idadi ya protoni, chembe zenye chaji chanya, kwenye kiini cha atomi. Teluriamu ina protoni 52, iodini 53, na mzozo ukaisha. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27. Kila nikifundisha somo hili nataja umri wake, maana anakaribiana umri na kaka zenu wakubwa.

Sasa twende kwenye kiini cha jambo. Mnijibu: mama akienda sokoni Kilombero na watoto watano, ni mtoto yupi rahisi kupotea?

(Wakajibu kwa pamoja: wa nyuma kabisa.)

Wa nyuma kabisa. Aliyefungwa kwa mbeleko mgongoni hapotei. Anayeshika kanga, huyo naye yuko salama. Lakini yule aliye hatua ishirini nyuma, katikati yake na mama kuna ndugu wanne na wapita njia, mama anamwita na sauti haimfikii vizuri. Atomi ni hivyo hivyo. Kiini chenye protoni kinavuta elektroni, chembe zenye chaji hasi, na elektroni zimekaa kwenye matabaka. Ukishuka kwenye kundi, kila hatua unaongeza tabaka. Elektroni za nje zinakuwa mbali zaidi, na za ndani zinazuia mvuto usiwafikie. Ukienda kulia kwenye mstari mmoja, mambo ni tofauti: protoni zinaongezeka lakini tabaka la nje ni lile lile, kwa hiyo kila kitu kinavutwa ndani zaidi. Ndiyo maana atomi ya sodiamu ina nusu kipenyo cha pikomita 186 hivi (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita), na klorini, iliyo mstari huo huo mbele yake, ina 99 tu. Wengi wanaposikia klorini ina elektroni nyingi kuliko sodiamu wanadhani lazima iwe kubwa zaidi. Hapo ndipo mtihani huwanasa.

Kwa hiyo, ukiacha mstari wa kwanza kabisa, kila mstari wa jedwali unaanzia kushoto na chuma ambacho elektroni yake ya nje haishikiki, na unakaribia kuishia kulia na halojeni yenye nafasi moja tu iliyobaki tabaka la nje, na mvuto mkali wa kuijaza. Kundi la kwanza linatoa, kundi la 17 linapokea. Florini inapokea kuliko elementi zote. Kwenye kipimo cha Pauling cha uwezo wa kuvuta elektroni ina 3.98, klorini 3.16, bromini 2.96, iodini 2.66. Hiyo ndiyo ngazi, na mimi naomba muibebe kichwani namna hiyo, kama ngazi ya kushuka, badala ya kama orodha ya namba.

Nimekuja na mirija mitatu ya maabara. Wa kwanza una floridi, yaani florini iliyokwisha kupokea elektroni yake, wa pili bromidi, wa tatu iodidi, nazo ni vivyo hivyo. Yote ni chumvi iliyoyeyushwa kwenye maji, na yote haina rangi. Kwenye chupa hii nina maji ya klorini niliyoyatengeneza asubuhi. Njoo binti, wewe wa shati lililochomekewa, tia matone matano kila mmoja. Haya, semeni mnachokiona. Wa floridi umebaki vilevile. Wa bromidi umekuwa wa manjano, unaelekea rangi ya chungwa. Wa iodidi umekuwa kahawia kama chai ya rangi. Sasa tia tone la uji huu mwepesi wa muhogo kwenye ule wa kahawia. Umeona? Buluu iliyokolea mpaka inakaribia nyeusi.

Hicho mlichokiona ni ngazi. Klorini imemkuta iodini ameshika elektroni kwa ulegevu, akiwa mtoto wa nyuma kabisa sokoni, ikamnyang'anya. Ikamnyang'anya na bromini. Lakini kwa florini imegonga mwamba, kwa sababu florini iko juu yake. Ningekuwa na klorini ya ukubwa wa bwawa, ule mrija wa kwanza ungebaki vilevile hadi kesho. Florini yenyewe ilivyo kali, wanakemia walihangaika nayo kwa miongo mingi na baadhi yao waliumia, mpaka Mfaransa Henri Moissan alipofanikiwa kuitenga mwaka 1886 kwa kutumia umeme. Hakukuwa na kemikali iliyoweza kuinyang'anya elektroni yake.

Na hapo mtaona kwa nini ni klorini iliyopewa kazi ya tangi la maji. Florini ukiitia kwenye maji inayashambulia maji yenyewe na kutoa oksijeni na asidi ya hatari. Klorini ina ukali wa kutosha kuharibu kijidudu cha kipindupindu, lakini inaweza kukaa na maji bila kuyavunja kwa fujo. Inatengeneza nayo asidi hafifu inayofanya kazi hiyo ya kuua. Wazazi, hapa niweke jambo la nyumbani: ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ina klorini iliyofungwa pamoja na sodiamu na oksijeni. Msiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Asidi inaifungua klorini, inatoka kama gesi ya kijani-njano, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha gesi hiyo inaumiza mapafu.

Nilisema ndugu hawa wanafanana na kutofautiana. Kwenye joto la chumba, florini na klorini ni gesi, bromini ni kimiminika chekundu-kahawia, iodini ni mango jeusi linalong'aa na kutoa mvuke wa zambarau. Viwango vya kuchemka vinapanda: nyuzi -188, -34, 59, 184. Molekuli zinavyokuwa kubwa na zenye elektroni nyingi ndivyo zinavyoshikana zaidi. Kwenye kundi la kwanza mwelekeo ni kinyume. Lithiamu inayeyuka kwenye nyuzi 180 na sesiamu kwenye 28 tu, yaani hapa kwenye jua hili ingekuwa imeanza kulainika.

Na mwelekeo una mahali unapoteleza, nisiwadanganye. Mngetarajia florini, kwa kuwa ni ya juu kabisa, itoe nishati nyingi kuliko zote inapopokea elektroni moja. Inatoa kilojuli 328 kwa moli. Klorini inatoa 349. Florini ni ndogo mno. Elektroni zake zimebanana kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili asubuhi, na anayeingia mwisho anapata nafasi lakini anasukumwa na waliomo. Mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali hilo bila kuambiwa nampa alama zote, hata kama mtihani haukuliuliza.

Turudi kwenye meno. Jino na mfupa vimejengwa na madini ya kalsiamu na fosfeti, na ndani yake kuna vijinafasi vinavyokaliwa na ioni, chembe yenye chaji, ya haidroksidi, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoshikana zikiwa na chaji moja hasi. Ioni ile ina nusu kipenyo cha pikomita 137 hivi. Ioni ya floridi ina 133, na chaji moja hasi vilevile. Inaingia pale kama ufunguo uliochongwa kwa kufuli hilo. Ioni ya kloridi ina 181. Ndiyo maana tunakula chumvi ya kloridi kila siku maisha yetu yote na haijazi meno yetu, wakati floridi, ndugu yake wa hatua moja juu, inakimbilia mfupani. Floridi kidogo inaliimarisha jino, ndiyo sababu imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi wakati jino la mtoto linajengwa bado ndani ya fizi, inavuruga ujenzi: jino linaota na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kisha rangi inaingia. Jino likishakamilika halichorwi tena. Mwalimu aliyehamia hapa akiwa mtu mzima ana meno meupe. Mwanawe aliyezaliwa hapa anayo michirizi kama yangu. Na palipo na floridi nyingi sana, mifupa nayo inapata shida. Wazee, mnawajua watoto wetu wenye matege yasiyotibika kwa chakula.

Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mto Maji ya Chai, mnaoupita kila mnapokwenda Usa, umepimwa mara nyingi na unavuka kiwango hicho kwa mbali. Rangi yake ya chai si floridi, maana floridi haina rangi wala harufu. Maji meupe ya kisima yanaweza kuwa nayo nyingi zaidi. Maziwa ya Momela, hapo juu hifadhini, yamekutwa na mamia ya miligramu kwa lita.

Kwa nini sisi? Mlima wetu ni volkano, na mawe yake yana florini. Lakini hilo ni nusu ya jibu, na nusu ya pili iko upande wa kushoto wa jedwali. Ioni ya sodiamu na ioni ya kalsiamu zinakaribia kulingana ukubwa: pikomita 102 na 100. Tofauti ni kwamba sodiamu, ya kundi la kwanza, imetoa elektroni moja, na kalsiamu, ya kundi la pili, imetoa mbili. Kwa chaji hiyo mara mbili, kalsiamu inaikaba floridi mpaka inakuwa jiwe lisiloyeyuka. Jiwe hilo, floraspa, lilichimbwa kwa miaka mingi Bonde la Kerio kule Kenya. Huku kwetu maji yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floridi haina wa kuikamata, inabaki huru majini hadi kwenye ndoo. Ndiyo nchi ya magadi hii, na alama ya sodiamu, Na, inatokana na jina lile lile alilobeba Ziwa Natroni letu. Magadi nayo, yale tunayotia kwenye makande na kiburu yalainike upesi, mengi yamebeba floridi. Mama zangu, najua ladha ya kiburu bila magadi. Punguzeni, hasa kwenye chakula cha mtoto ambaye hajafika miaka minane.

Wengi mnachemsha maji, na ni vizuri, vijidudu vinakufa. Floridi haifi. Ukiwa na lita tano zenye miligramu 2 kwa lita, ukachemsha mpaka zikabaki nne, floridi yote imebaki na sasa ni miligramu 2.5 kwa lita. Klorini pia haiwezi kuiondoa. Mmeuona mrija wa kwanza. Kinachoweza ni mfupa. Pale Ngurdoto, hapa hapa Arumeru, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo mpaka inakuwa punje nyeusi, na maji yanapitishwa humo. Floridi inaingia kwenye vile vijinafasi vya haidroksidi, kama inavyofanya kwenye mifupa yetu, ila safari hii inabaki kwenye chujio. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilisimama pale nikashika punje zile mkononi kwa muda mrefu. Vijinafasi vilivyoniponza ndivyo vinavyowakinga wengine. Punje zikijaa lazima zibadilishwe, na watu wengi wanasahau hapo.

Na iodini, ndugu wa chini? Yeye shida yake ni kupungua. Mwili unahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Kwa miaka 70 ni kama gramu 4, haijazi kijiko cha chai. Bila hiyo tezi ya shingo inavimba, na mtoto tumboni anaweza kuathirika akili. Pwani wanaipata kwenye samaki. Nyanda za juu, ambako mvua imeosha udongo, rovu lilikuwa jambo la kawaida. Tukaitia kwenye chumvi. Lakini kumbukeni mrija wa tatu: iodidi ni rahisi kunyang'anywa elektroni, hata na hewa yenye unyevu, kisha iodini inapaa. Ndiyo maana kwenye chumvi yetu inatiwa iodeti ya potasiamu, ambamo iodini imeshaungana na oksijeni na haina haraka ya kuondoka. Hata hivyo, chumvi isiachwe wazi karibu na jiko. Tieni mwishoni, mboga inapokaribia kuiva.

Kuna kijana ameinua mkono kuuliza kuhusu tenesini, namba 117. Imetengenezwa maabara atomi chache tu, zikaoza ndani ya sehemu ya sekunde, na jina lake lilipitishwa mwaka 2016. Hakuna aliyewahi kuiona rangi yake. Jedwali linatupa nafasi yake, na wanaokokotoa wanasema huenda isifanane na ndugu zake hata kidogo, kwa sababu kuzunguka kiini kizito hivyo elektroni zinakwenda kasi mno. Labda wewe ndiye utakayetwambia.

Sasa kazi. Tumeazima kipimo cha floridi kwa wiki moja. Jumatatu kila mwanafunzi alete chupa ya nusu lita ya maji mnayokunywa nyumbani. Chupa iwe ya plastiki, isiwe ya kioo, kwa kuwa florini na kioo hazipatani. Isuuze mara tatu kwa maji hayo hayo kabla ya kujaza. Bandika karatasi: kijiji, kisima au mto au bomba, na tarehe. Walio na watoto wadogo nyumbani waanze kupimiwa.